Sirene Aliyoisikia Tata

Mujukuu wangu Clarisse,

Jambo sana. Hapa Likasi mvua imeanza, na mjomba wako amepona malaria. Umeniuliza kwa nini kila asubuhi natembea hadi kwenye lango la kiwanda kilichokufa, na magoti yangu haya.

Kiwanda kilipofungwa, ile miaka ya tisini, tata yangu, baba aliyenizaa, aliendelea kuamka alfajiri. Alikuwa akivaa kofia yake ya kazi na kusema, "Sirene isha kulia, minaenda ku kazi." Sirene, kile king'ora cha kuita watu kazini, haikuwa imelia. Tuliogopa ataanguka njiani, tukamfungia mlango. Akaacha kula. Miguu ikakauka, akasahau hata jina langu.

Siku moja nikafungua, nikamshika mkono tukaenda. Langoni nikakuta wazee kama kumi wamesimama kwenye baridi, wote na kofia zao, kimya. Kisha wote kwa pamoja wakageuza vichwa kuelekea bomba la moshi. Mimi sikusikia kitu.

"Unasikia?" tata akaniuliza.

"Ndiyo, tata. Minasikia."

Papo hapo wazee wakaanza kusalimiana, kutaniana, kuulizana habari za nyumbani. Siku ile tata alikula bukari, ugali wetu, sahani mbili, akaniita Georgette. Nilimsindikiza kila asubuhi mpaka alipotutoka, na baada yake nikaendelea kwenda peke yangu.

Clarisse, Jumanne iliyopita niliisikia ile sirene. Usimwambie mama yako. Ukija Noeli usinifungie mlango. Vaa viatu, unishike mkono, twende.

Kambo, nyanya yako,
Georgette