Ngome Yangu Mwisho wa Ubao

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kakaa mezani leo! Mwenyewe, bila kushikwa. Tangu kiharusi kimpate, ndiyo mara ya kwanza kuniomba ubao wa sataranji. Nikaacha cherehani na mashati ya watu, nikapanga kete. Mkono wake wa kulia bado mzito — mkono wa shati ukaangusha farasi wawili. Tukacheka. Nimefurahi mpaka nimeunguza kola ya mteja kwa pasi.

Jumatano, 5 Machi

Katibu wa klabu ya sataranji kapiga simu. Kaka anarudi lini kufundisha? Kaka kamwambia atamjibu Jumamosi.

Kisha kajitungia mtihani. Yeye ana mfalme, ngome na askari mmoja. Mimi mfalme na ngome, basi. Askari wake akifika mwisho wa ubao anakuwa malkia, na mimi kwisha habari yangu. Anasema upande wake unashinda, ukichezwa sawasawa. Akishinda kweli, anarudi klabuni. Asiposhinda, ubao anaugawa, na nisimtajie tena mchezo huo.

Nikasema mbona rahisi, zimebaki kete tano. Kanitazama kama nimemtukania mtu. Kete zikipungua ndipo kazi inapoanza, kasema. Kila kosa linaonekana dogo, na hakuna pa kulificha.

Alhamisi, 6 Machi

Anajifua peke yake. Nimechungulia. Anamsogeza askari, anamrudisha. Anasahau zamu ni ya nani.

Jumamosi, 8 Machi

Roho inaniuma.

Kamsogeza askari mapema. Mfalme ndiye alipaswa kutangulia! Nimeona papo hapo: ngome yangu ikikimbilia mwisho wa ubao, upande wake, itamtisha mfalme wake kwa nyuma, tena na tena, na hana pa kujificha. Sare. Na sare kwake ni kushindwa.

Basi nikaileta ngome nyumbani, ikae karibu na mfalme wangu imlinde. Inaonekana busara. Ndilo kosa linalowazika wanafunzi wake wote. Nikakuna kichwa, eti nafikiri.

Hakumgusa askari wake. Halafu, kwa ule mkono mzito, kaishika ngome yangu na kuirudisha ilipokuwa. Kasema jibu la kweli alinifundisha mwenyewe nikiwa bado navaa sare ya shule, na sijawahi kulikosea. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

“Cheza, mdogo wangu. Cheza kweli.”

Nikasema naenda kuzima jiko. Jiko lenyewe sijaliwasha. Naandika nimekaa juu ya ndoo, machozi yanalowesha karatasi. Nampenda huyu mtu. Ningempa hata macho yangu, lakini ushindi hataki nimpe.

Ananiita. Si kwa ajili ya zamu yangu. Anasema nikirudi nije na lile boksi la kete, azifungie humo.

Lipo hapa kabatini. Nimelishika, na bado sijacheza.