Mgongo wa Mwezi na Vidonge vya Umi

Mitole, Kilwa
15 Oktoba 2025

Mpendwa shemeji Bashiru,

Assalamu alaykum. Natumaini wewe, mkeo Martina na watoto mko salama huko Tunduma, na baridi ya kwenu haijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku tunapumua. Korosho zimeanza kudondoka, mama yangu bado anainuka mwenyewe kwenda kutia udhu, na yule mbuzi uliyeniachia amezaa pacha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yangu umeifungia. Haidhuru. Barua huwezi kuikata katikati ya maneno.

Ni habari ya Umi, binti wa dada yako Naima na marehemu kaka yangu Huseni. Unajua vidonge vya kifafa alivyopewa kliniki vilimtuliza mwaka mzima. Alirudi kwenye cherehani yake, akawa anatutania kama zamani. Kisha akaja mganga Likwata kutoka Rondo na elimu yake: kwamba mwezi una upande wa giza, kwamba siku mwezi unapopotea ndipo upande huo unapotugeukia, na kwamba kidonge kikimezwa siku hizo hakimponyi mgonjwa, kinamshibisha yule pepo aliyemkalia. Basi Naima akawa anampa dawa mwezi ukiwepo. Ukipotea, anaificha.

Hebu fikiri, shemeji. Dawa ile daktari alikataza isikatizwe hata siku moja. Ikikatizwa, mtoto anaanguka. Anaanguka lini? Siku za giza, kwa kuwa ndizo alizonyimwa dawa! Na kila akianguka, watu wanatikisa vichwa: mnaona, giza limefika. Wamepata uongo unaojitolea ushahidi wenyewe. Mara ya mwisho aliangukia mafigani. Ameungua mkono wa kulia, ule wa kushikia mkasi.

Nikaenda kumkabili Likwata mbele ya watu, uani kwa dada yako, jua la alasiri likitupiga ubavuni. Nilichukua nazi nikaipaka masizi upande mmoja. Nikamsimamisha Umi katikati, nikamwambia yeye ndiye dunia.

"Mimi dunia?" akasema. "Basi mnisogelee taratibu, nimebeba watu wengi."

Watu wakacheka. Nikamzunguka, masizi yakimtazama yeye wakati wote. Nikawaonyesha kwamba mwezi haujatugeuzia upande wake wa pili hata mara moja, maana unajizungusha kwa mwendo uleule unaotuzungukia. Upande tusiouona upo, lakini si wa giza. Unapata mchana na usiku kama huu wetu. Tena siku zile mwezi unapotupotea, ndipo upande wa nyuma unapowaka jua lote. Nikawafungulia kitabu changu chenye picha za upande huo, mwanga umejaa hadi mashimo yake yanaonekana moja moja.

Likwata alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, bwana Idd, mwezi unatuficha mgongo wake?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na siku tunazokaa gizani sisi, huo mgongo unaota jua?"

"Ndiyo."

Akawageukia watu. "Mmemsikia wenyewe. Anayekuficha mgongo wake akauanika juani wakati wewe uko gizani, huyo anakutakia mema?"

Ua mzima ukalipuka kwa vicheko. "Idd, rudisha nazi, wenzio wanataka kupika!" akapaza sauti mama mmoja. Nilikuwa nimesema kweli tupu, kila neno, na mtu yule aliichukua kweli yangu akamfungia nayo mtoto. Hata leo sifuti hata neno moja. Ningemjibu nini? Kwamba mwezi haumtakii mtu mema wala mabaya? Nilisema. Hakuna aliyesikia.

Sasa nakuja kwako. Wewe unajua kwetu huku baba mdogo hana kauli. Mtoto ni wa mjomba. Nilipomsihi Naima, alinijibu kwa neno moja: "Kaka yangu ameshasema." Ndipo nikajua alikupigia, nawe ukamwambia amfuate mganga. Wewe, Bashiru! Wewe unayeuza dawa za mifugo, unayewagombeza wafugaji wakikatiza dozi ya ng'ombe! Ng'ombe wa watu wana haki kwako kuliko damu ya dada yako?

Umi amepelekwa Rondo, akakae kwa Likwata. Kabla hajapanda bodaboda aliniuliza, "Baba mdogo, huko nyuma ya mwezi, siku zangu zile mbaya, ni mchana kweli?"

"Mchana kweupe, mwanangu."

"Basi wana bahati. Wanaona wanapokanyaga."

Alikuwa anacheka. Mimi sikuweza.

Vidonge vimebaki. Naima aliviacha dirishani, nami nimevitia kwenye kopo la maziwa. Nilimpelekea Umi kwa mkono wa mtu wa Lindi, vikarudishwa. Kwako naomba jambo moja tu: mpigie dada yako, umwambie mtoto anywe dawa kila siku, mwezi uwepo usiwepo. Kwako ni sentensi moja. Lakini sikufichi, sitarajii. Asubuhi mwezi unaning'inia juu ya mikorosho, kila siku umeliwa zaidi, na barua hii anaibeba Alex wa lori, anayelala kila mji. Itakapokufikia, huenda huku kutakuwa hakuna mwezi.

Mama anakusalimu sana. Hajui alipo mjukuu wake. Tumemwambia yuko Lindi kwa fundi, anajifunza kushona magauni ya harusi. Nisalimie Martina na watoto. Mwenyezi Mungu awape nyote afya, na awape wanao mjomba mwenye moyo kuliko huyu aliyempa Umi.

Mwezi ukiandama tena, tutajua kama bado tunaye.

Mimi shemeji yako, nikupendaye hata katika hasira hii,

Idd Mchopa