Kilio cha Mtu Nisiyemjua

Jumatatu, 4 Agosti
Kichwa tena. Upande wa kushoto, nyuma ya jicho. Nilikuwa nakunja vitenge dukani, mara maua ya kitenge yakaanza kumetameta yenyewe. Nikajua. Nikaenda kujificha stoo, gizani, juu ya marobota, hadi saa ya kufunga. Patron, mwenye duka, alisonya tu. Amechoka nami, na ana haki.

Jumatano, 6 Agosti
Kichwa kimeniachia. Ningepaswa kufurahi. Lakini kila kikiondoka kinaacha kile kitu kingine. Uzito. Kutotaka kuoga. Kutotaka kusikia hata sauti ya Nadège, mwanangu mwenyewe. Ugali wa bukari amepika yeye. Majirani wanadhani bado naumwa kichwa, nawaacha wadhani hivyo. Kichwa ni ugonjwa wa heshima. Hiki kingine hakisemeki mbele za watu.

Daktari wa kituo cha afya amekipa jina. Kasema kipandauso na dépression, ugonjwa wa huzuni, mara nyingi hutembea pamoja. Mwenye kimoja ni rahisi kupata cha pili, na kila kimoja humchochea mwenzake. Kanipa vidonge vya kumeza kila siku. Nimekasirika. Mimi si kichaa. Nina kazi, nina mume, ingawa yuko mgodini Kolwezi. Vidonge nimevificha kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni.

Alhamisi, 7 Agosti
Wamama wa shirika letu la parokia tumekwenda kilio, msibani mtaa wa Kasungami. Marehemu ni seremala, kaanguka kutoka juu ya paa. Simjui. Mjane wake, Mama Josée, ni binamu ya jirani yangu Mama Odette, ndiyo maana tukaenda. Nilivaa kitenge cha shirika nikafuata wenzangu, basi. Tukaketi mikekani. Picha ya marehemu ukutani, anacheka, penseli sikioni. Wamama wakaanza wimbo, na mimi nikaanza kulia. Sikuweza kuacha. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama mmoja mzee akalaza kichwa changu mapajani pake. Nikapitiwa na usingizi. Sijalala hivyo miezi mingi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimerudi kilioni. Peke yangu. Patron nimemwambia kichwa. Uongo mtupu, hakikuuma hata kidogo. Makaburini nimelia kuliko dada wa marehemu.

Jumamosi, 9 Agosti
Tena. Wamenipa samaki mkavu wa Pweto, kipande kizuri chenye mafuta. Nimekula. Dada wa marehemu alinitazama sana.

Naona aibu kuandika hili. Nilikuwa napumzika katika msiba wa watu. Sijui mahali pengine mjini hapa ambapo mwanamke anaweza kujilaza chini mchana kweupe, akalia, na akaletewa chai.

Jumatatu, 11 Agosti
Mama Odette amekuja. Hakutaka kiti. Alisimama mlangoni. "Kule Kasungami banasema ulikuwa bibi ya pembeni ya marehemu."

Ni dada wa marehemu aliyeanza. Sasa ukoo mzima unasema. Mama Josée ameishusha picha ya mumewe ukutani na haongei na mtu. Mama Odette alingoja nikane. Ningesema nini? Kwamba nililia bure? Akaondoka bila kuaga.

Uso wa yule bwana nimeuona kwenye picha tu.

Jumanne, 12 Agosti
Kichwa. Cha kweli safari hii. Ndoo kando ya kitanda. Nadège kafunga mapazia kwa pini. Moyo wangu wa woga umefurahi: leo siwezi kwenda popote.

Jumatano, 13 Agosti
Kimeniachia. Nimewaza jambo baya. Kwamba ninyamaze, waendelee kuamini. Mwanamke wa pembeni bado ni mwanamke aliyependwa na mtu. Anayelia bila sababu anaitwa kichaa, na Nadège ataitwa mtoto wa kichaa. Asubuhi nzima niliona afadhali kuitwa mwizi wa mume wa mtu, tena mume aliyekufa. Nimejichukia.

Halafu nikakumbuka ukuta ule. Msumari umebaki, picha haipo. Huyu mama amefiwa, na mimi nimemchukulia mumewe mara ya pili.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimekwenda. Mama Josée alikuwa uani anachambua maharagwe, wifi yake, yule dada wa marehemu, kando. Nilipiga magoti nikasema yote. Kichwa. Kile kingine kinachobaki. Vidonge nyuma ya vikombe. Kwamba mumewe hatukuonana hata siku moja. Wifi akasonya. Mama Josée aliendelea na maharagwe.

"Sasa ulikuwa unalilia nani?"

"Miye mwenyewe, mama."

Alitoa kokoto kwenye maharagwe, akaitupa. Kisha akasema, bila hasira: "Bengine balikuwa banalia juu ya desturi. Weye niliona unalia kwa kweli. Iliniuma sana. Lakini nilisema, angalau muntu moja analilia bwana yangu kwa kweli. Kumbe hata ile machozi haikuwa yake."

Nilidhani ukweli wangu utampoza. Umempoza upande mmoja, umemchoma upande mwingine. Nimetembea kwa miguu hadi barabara kubwa, vumbi usoni, na sikulia.

Jumapili, 17 Agosti
Misa. Baada ya misa Mama Odette kanishika mkono, kanivuta pembeni. Kasema picha imerudi ukutani. Mama Josée ananitaka nije kwenye arobaini ya marehemu. Nitaketi naye mkeka mmoja, ubavuni pake, wifi aone, ukoo wote uone.

Anaomba kitu kimoja tu. Nisilie.

Mume wangu nimempigia simu, nimemwambia yote, hata vidonge. Aliuliza kama vidonge vinatosha mwezi. Nilimwambia sijaanza. Nadège alinikuta nimeketi jikoni. "Mama, ni kichwa?" Nikamwambia hapana, leo ni ile ingine. Akasema sawa, mama, akavuta kigoda akaketi, akaanza kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Nimeondoa vikombe vya wageni kabatini. Kidonge cha kwanza, na maji. Ni kichungu.