Vifungo vya Resini

Jumatatu, Juni 9
Pole, daftari. Tangu Tiffany azaliwe sijakuandikia hata mstari. Mikono haikuwa yangu.

Leo nimembeba hadi soko la Kariokor, kwenye kibanda chetu. Chetu! Mimi na mume wangu Maingi ndio tulianza kumimina vifungo vya resini vya mikoba ya ngozi. Sasa nafasi yangu mezani anayo Ayuma. Msaidizi wa muda, niliambiwa. Ana diploma ya kemia na kucha safi — zinakaaje safi na ile gundi!

Anamfundisha mume wangu. Ati ndani ya resini kuna viduara vidogo, kaboni mbili na oksijeni moja, vimebanwa kama mtu mzima kwenye kiti cha nasari. Ukitia hadena, ile dawa ya kugandisha, vinafunguka, vinashikana, havirudi tena. Maingi anasikiliza mdomo wazi. Nikiongea mimi, naambiwa ngoja kwanza.

"Mama Tiffany, wewe pumzika tu," akaniambia Maingi.
Ayuma naye, akicheka: "Pumzika, mamaa. Kazi iko na wenyewe."
Wenyewe!

Jumatano, Juni 11
Sijalala. Si mtoto — ni kile kicheko. Nimemwambia Maingi narudi kazini. Akasema oda ni ya wiki ijayo na mkono wangu umesahau. Nikamwambia: basi lete vifaa, nimimine hapa nyumbani Kware, juu ya paa penye hewa, mtoto abaki chini kwa jirani Khalayi. Vifungo vikitoka safi, narudi mezani, Ayuma anaondoka. Alikunja uso. Akakubali.

Alhamisi, Juni 12
Imeharibika! Kipimo sawa, nimekoroga vizuri. Mara Khalayi akapaza sauti ngazini: "Mama Tiffany! Huyu anataka titi, na mimi langu lilistaafu!" Nikashuka. Akanyonya, akalala ameshika kidole changu. Nikashindwa kukitoa.

Kurudi — kopo linafuka moshi, limejikunja, resini imegeuka njano, ngumu kama jiwe. Ukiiacha nyingi ndani ya kopo inajipasha moto yenyewe. Ilifaa niimimine kwenye moldi, zile kalibu za vifungo, kwanza, ndipo nishuke. Na nilijua! Nilijua kabla ya Ayuma!

Maingi akapiga simu. Nyuma yake nikamsikia Ayuma: mwambie asijali, hata mimi nilichoma makopo mawili wiki ya kwanza. Angenicheka ningemchukia vizuri. Sasa nimchukie vipi?

Ijumaa, Juni 13
Maingi anauliza kama niache tu. Ati Ayuma amejitolea kuja leo jioni, anikorogee, mimi nikae na mtoto. Akae yeye na mtoto! La, hata mtoto simpi.

Siachi. Nimemtumia Maingi ujumbe wa vitu vya kurudia kumimina:

Resini lita moja.
Hadena yake, ya jozi ileile, usichanganye na nyingine.
Vikombe vifupi, vipana.
Glavu ndogo — zangu, si za mtu.
Barakoa yenye kichujio.
Maua makavu ya kutia ndani ya vifungo, yale mekundu.
Na uvilete wewe mwenyewe.