Jiwe Nililolisugua

Kwako mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma nikashusha pumzi. Tangu useme lile ganda jeusi la jiwe nililokutumia ndilo linaloonyesha kuwa limeanguka kutoka angani, chakula kilikuwa hakinipiti kooni. Nami nililisugua kwa majivu mpaka likatakata! Sasa ningekutumia kazini kitu kichafu, waseme hukulelewa?

Kumbe mmelikata, mkaona kwa hadubini punje za mviringo na vichembe vya chuma, ambavyo mawe yetu ya shambani hayana. Mkubwa wako wa kazini aliyekuita mwongo uliposema limetoka angani ameumbuka. Safi sana!

Shangazi yako bado ananicheka. Mwache, meno ni yake.

Ila mkubwa wako akiuliza nani alilisugua, mwambie ni mvua.

Bibi yako, asiyependa uchafu