Utani Nilioutoa Mezani

Hallunda, Stockholm

Mdogo wangu Zephania,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa. Hujambo wewe, na mgongo wako, na mama watoto? Na waumini wa nyumba yako ya maombi, wanakula vizuri? Mimi mzima, magoti tu yanalalamika kwa baridi. Anayeniandikia ni Flaviana, jirani yangu. Simu sikutaka, kwa sababu kwenye simu unahubiri wewe tu.

Nikupe habari za mume wangu, yaani mjukuu wangu Liam, mtoto wa Optatus. Ana miaka kumi na sita, miguu mirefu kama ngazi. Tangu theluji ianze tunaangalia pamoja tamthilia za Wajapani, za wavulana wa shule wanaopendana. Kijapani sijui, na maandishi ya chini siwezi kuyasoma, kwa hiyo Liam ananisimulia, nusu Kiswahili nusu Kiswidi. Wajapani hao hawana haraka. Mmoja anamshikia mwenzake mwavuli mpaka yeye analowa bega zima, na neno halimtoki. Nilimwambia Liam yule kijana ni mwoga, aseme basi tukalale. Akacheka, kisha akaniambia hata yeye bado hajasema. Wake anaitwa Jonas, anakaa Hagsätra, mtaa mwingine wa hapa mjini. Nilimuuliza kama huyo Jonas anakula ndizi.

Kosa nililifanya Jumapili, tulipokuwa na wageni baada ya ibada. Unajua bibi na mjukuu wanavyotaniana. Nikasema mbele ya watu kwamba mume wangu ananiletea mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe ndevu zinaanza kumwota. Wageni walicheka mpaka wakamwaga chai. Liam aliinamia sahani. Optatus hakucheka.

Toka hapo mwanangu amekuwa mpole, na upole huo unanitisha kuliko kama angefoka. Amemnunulia Liam sanduku na viatu vya ngozi. Amempeleka kuchanjwa. Amemwambia wanakuja Bukoba kusalimia ukoo, wiki mbili tu. Lakini nilimsikia jikoni akiongea na wewe kwa simu, sauti yako ameiachia wazi. Ulimwambia amlete, na yeye akirudi Stockholm arudi na pasi ya mtoto, kwamba mna chumba kinachofungwa kwa nje na vijana wenye nguvu, atafungishwa, asile asinywe, mpaka pepo limtoke.

Zephania, namkumbuka mtoto wa Valerie mliyemfungisha mwaka jana. Mlisema malaria. Mama yake hamkumruhusu hata kumwosha kabla hajazikwa.

Sasa nikwambie nilichofanya. Jana nilimweleza Liam yote, tukaenda wote kwa mshauri wa shule yake. Mimi nilisema, mtoto akatafsiri mambo yake mwenyewe huku machozi yanamtoka. Watu wa ustawi wa jamii wamemzuia kusafiri, na wamempa pa kulala kwingine, hapa nyumbani halali tena. Optatus yuko kazini, hajui. Akirudi atanikuta nimekaa, na nitamwambia mimi, kwa sababu nimemzaa. Atakachonifanyia nitakiona.

Jina lako nalo nimewatajia. Bado ni mdogo wangu, nilikubeba mgongoni nikakutafunia chakula, ndiyo maana nakuambia mwenyewe.

Msalimie mama watoto, wasalimie na majirani. Na kama humo chumbani kuna mtoto wa mtu sasa hivi, kamfungulie, umpe uji wa moto, umwambie uji huo unatoka kwa dada yako.

Ni mimi niliyekulea,
Winifrida