Punguza Nyama, Ongeza Mboga

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeirudia hotuba, chai ikipoa. Supamaketi mpya ya hapa Mpanda inataka Jumamosi niwahimize wateja wapunguze nyama: waile siku chache kwa wiki, siku nyingine maharage, uyoga, soya. Naliamini jambo hili, maumivu ya jongo miguuni yamenifundisha. Ila mdogo wangu Deo ana bucha ng'ambo ya barabara. Sijamwambia. Wiki ijayo ni sendofu ya kumuaga bintiye, Adela, anayeolewa, na msemaji wa familia ni mimi. Siku zote ni mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Bango limefika kutoka Dar: PUNGUZA NYAMA, ONGEZA MBOGA. Nilimweleza meneja kwamba huku mboga ni chochote kinacholiwa na ugali, na nyama ndiyo ya kwanza. Akasema maneno ni mafupi, yanapendeza. Nikamsaidia kulitundika. Najidharau.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu. Nilipofika kwenye "ongezeni mboga", mama mmoja wa Mwamkulu akapaza sauti: "Mwalimu, nyama si ndo mboga yenyewe? Nyie mnataka tupunguze mboga ili tuongeze mboga?" Umati ukaangua kicheko. Miaka yote ya kufundisha Kiswahili, nikakosa neno. Nikanyoosha mkono ng'ambo ya barabara.
"Ile inayoning'inia pale! Hiyo ndiyo muipunguze!"
Wote wakageuka. Deo alikuwa mlangoni mwa bucha, kisu mkononi.
Hapo ndipo nilipoeleweka.

Jumatatu, 11 Agosti
Deo hapokei simu. Nimekwenda buchani. Hakuacha kukata.
"Kaka, nyama hii umeila kwangu juzi, ukasifia. Jumamosi ikawa sumu?"
Akaniambia na lingine. Kwenye sendofu atasema kijana wa redio, wameshakubaliana.
Nikavuka barabara. Chini ya bango lile lile wameweka jokofu la soseji, bei ya ofa. Meneja akanipungia mkono kwa furaha. Wanafiki, na sauti yao nilikuwa mimi.

Jumamosi, 16 Agosti
Sendofu imekwenda vizuri. Kijana alikosea majina ya wazee, hakuna aliyejali. Deo mwenyewe alinipakulia: wali, maharage, kisamvu. Nyama akairuka.
"Kaka siku hizi ana siku zake," akaiambia meza. Wakacheka kwa adabu.
Adela akaja, akapiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa. Utasema saa ngapi?"
Nikamwambia koo linaniuma.
Nikamaliza maharage.